Shati la Mtu Aliye Safarini

Tangu nirudi hamjaniacha nimeze mate. Mmoja aniuliza kama niliwaona wanajeshi, mwingine aniuliza kama kweli Kampala watu hula ndizi mchana na jioni bila kuchoka. Mwanaisha, ambaye tulijifunza naye cherehani tukiwa wasichana, hakuuliza ila jambo moja: kwa nini niliposhuka kwenye gari moshi nilikwenda kwanza kwa kaka yangu Athumani, ilhali miaka tisa mizima nilikuwa nikimpita sokoni bila hata salamu. Nimechoka kusimulia vipande vipande, leo cha juu, kesho cha chini. Naandika mara moja, mpokezane msome, kisha mniache nishone nguo za watu.

Habari za pasi na vibali nawasamehe. Mwajua kwamba chama cha akina mama kilitafuta fundi wa kwenda Uganda kufundisha ushonaji miezi sita bila mshahara, nami mjane nisiye na mtoto, mwenye nyumba yangu na mashine mbili, nikanyoosha mkono. Wengi mlinisifu kwa huruma yangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa udadisi. Ile nchi kila mtu aliitaja kwa kunong'ona, na mimi kitu kikinong'onwa lazima nisogeze sikio. Tena nilijiona tajiri anayekwenda kugawa, nitawaficha nini.

Mombasa hadi Malaba

Mpaka Nairobi hapakuwa na la ajabu ila joto na mtoto mmoja aliyenitapikia kanga. Nairobi akaingia mama mmoja mnene mwenye marobota ya vitenge, akakaa mbele yangu, akavua viatu, akaanza kunihoji kabla hata gari halijaondoka. Jina lake Mama Furaha, mtu wa upande wa Bukavu, mfanyabiashara, makazi yake siku hizo yalikuwa Namuwongo, Kampala.

"Dada, uko unaenda kufanya nini Kampala?"

"Kufundisha wanawake kushona."

"Banakulipa ngapi?"

"Hawanilipi."

Alinitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Basi uko tajiri, ao uko mugonjwa."

Nikampa mahamri yangu, naye akanipa samaki mkavu na muhogo uliofungwa kwa majani, mgumu, mchachu kidogo, ambao nilitafuna kuanzia Nakuru nikaumaliza karibu na Eldoret. Alipojua nimebeba kilo nne za sukari aliacha kutafuna. Kule sukari ilikuwa imepotea madukani, akasema, na askari wa mpakani wana pua. Akaniamuru niizungushie nguo zangu za ndani. "Askari ataona haya," alisema, naye mwenyewe akanisaidia kuifunga.

Malaba gari lilisimama tangu asubuhi mpaka alasiri. Hatukuambiwa sababu, wala abiria hawakuuliza, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa geni kuliko kuchelewa kwenyewe. Kwetu gari likichelewa nusu saa watu hutaka kumla mkuu wa kituo. Hapo watu walikaa kimya na mizigo yao mapajani.

Hatimaye akaingia mwanajeshi kijana, mrefu, bunduki begani. Akafika kwangu.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Kampala, mwanangu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Amekufa. Mwaka wa nne huu."

Nilisema kama ninavyowaambia nyinyi, kwa sauti yangu hii mnayoijua. Behewa zima likanyamaza. Bwana mmoja mwenye suti alikunja gazeti lake akatazama viatu vyake. Mama Furaha alinikanyaga mguu. Hata yule kijana aligeuza macho pembeni, akapita bila kugusa mkoba wangu, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba ujane umeniokolea sukari.

Gari lilipoondoka Mama Furaha aliniinamia. "Dada, huku neno ile haitamukwi vile."

"Neno gani? Kufa?"

Akamenya ndizi, akanipa nusu.

Namuwongo

Mwenyeji wangu alikuwa Nnaalongo. Hilo si jina, ni heshima ya mama aliyezaa mapacha, na Kampala nzima walimwita hivyo hata nisijue jina lake hasa. Nyumba yake ilikuwa bondeni Namuwongo, karibu na reli. Alitoka mlangoni, mtu mzima kunishinda, akapiga magoti mbele yangu chini kwenye vumbi. Mimi nikadhani ameangusha kitu. Nikapiga magoti nami, nikaanza kupapasa chini kumsaidia kutafuta. Tukawa wote wawili tumepiga magoti, mimi napapasa, yeye anasalimia, "Eee... mmm... eee," mpaka binti yake mkubwa akalazimika kuingia ndani acheke vizuri. Kumbe ndivyo mwanamke wa Kiganda anavyompokea mgeni wake.

Chakula kilikuwa matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, yakapondwa, yakaletwa na jani lake, na mchuzi wa karanga. Nilisubiri nazi, haikuja. Siku ya tatu sikuisubiri tena. Chai ilinywewa kavu: unang'ata kipande cha muwa, unapiga funda, unang'ata tena. Nguo walizifua kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni nayo ilikuwa imetoroka. Mimi mwenye sukari ya kufungiwa kwenye nguo za ndani nilikuwa kila asubuhi nachovya kijiko kwa siri chumbani mwangu, halafu natoka kuketi nao na muwa wangu mkononi. Naandika haya na uso wangu unaniwaka.

Naguru

Darasa langu lilikuwa juu kilimani Naguru, ukumbi mmoja karibu na nyumba za askari, mashine tatu na wanawake kumi na mmoja, wengi wake za askari kutoka kaskazini. Kutoka dirishani ungeona ziwa upande wa Luzira. Walijua kufuma, walijua kutarizi, ila kola ya shati iliwashinda wote isipokuwa mmoja.

Huyo ndiye Mama Okello. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mcheshi kwa sauti ya chini. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata nikaona wivu wa fundi. Mumewe, Baba Okello, alikuwa askari. Nilimwona mara mbili akija kumchukua, bwana mpana wa kifua na tumbo lake la heshima, akinitania kwamba nimemfanya mkewe asahau kupika.

Watoto wa Mama Okello walinitatiza. Siku moja walikuwa watano, siku nyingine wanane. Nikimuuliza kama wote wake, hujibu tu, "Iko kwangu." Ilinichukua majuma kujua kwamba aliowazaa yeye ni wawili. Wengine ni wa majirani ambao baba zao, kama walivyosema pale, walikuwa safarini. Wote walikula kwake ugali wa wimbi na mboga iliyochanganywa na ufuta uliosagwa, na siku ambayo chungu chake hakikutosha, wake na wa watu walikwenda kula nyumba nyingine, wala watu hawakusimama kuuliza nani wa nani. Mimi nimetoka kwenye nyumba ambayo lango hufungwa wakati wa chakula, asije jamaa akanikuta sahani mkononi. Nyinyi mwanijua.

Siku moja tukipinda mapindo akanigeukia. "Mwalimu, wewe iko na ndugu?"

"Kaka mmoja. Hatusemezani."

"Iko hai?"

"Yuko hai."

"Iko mbali?"

"Mtaa wa pili tu kutoka kwangu."

Akasimamisha mashine. Alinitazama bila ubaya, akishangaa tu. "Iko hai, iko karibu, na wewe hapana ongea na yeye," alisema, kama anayejaribu kuelewa hesabu ngumu. Kisha akaendelea kushona. Ugomvi wenyewe mwaujua, ulikuwa wa ukuta wa uani.

Sukari

Juma la sita Baba Okello alikwenda kazini asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu wa gari fulani wakamchukua. Gari la nani, wamempeleka wapi, kwa kosa gani, hayakusemwa. Mama Okello alikuja darasani kama kawaida, akashona kimya. Habari niliipata kwa mwanamke mwingine, mdomo ukigusa sikio langu. Zilipita siku kumi. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa waliochukuliwa hivyo huwa hawarudi. Basi mimi, kwa akili zangu, nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Mombasa angefanya.

Nilivaa buibui langu, nikachukua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, maana kwetu mtu haendi kwenye msiba mikono mitupu. Nikapanda kilima, nikapita kwenye bomba ambapo wanawake walikuwa wanachota maji, nikafika mlangoni kwa Mama Okello, nikaketi chini, nikaanza kulia. Nikamwekea sukari mbele yake. "Pole kwa msiba, mama. Mungu amrehemu."

Bomba liliendelea kumwaga, ndoo ikafurika, na wanawake wote wakatutazama. Mama Okello alisimama. Aliiokota ile sukari kwa mikono miwili, sukari ambayo mjini watu waliipigania kwenye foleni, akanirudishia mapajani.

"Sukari ya kilio hapana ingia nyumba hii," alisema. "Bwana yangu hapana kufa. Iko safari."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake ukumbini nilikuwa mimi na mashine tu. Kesho kutwa vilevile. Siku ya tatu nilirudi Namuwongo mapema, nikamwambia Nnaalongo yote, pamoja na habari ya kijiko cha siri chumbani. Hiyo ya kijiko alikuwa anaijua siku nyingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya ndizi zake. "Mwarimu, wewe nazika mtu ya wenyewe," alisema. "Hapa mtu hajafa mpaka sisi naona mwiri yake. Kama bibi yake nakuria, watu nasema kweri amekufa. Serikari naskia, nasema nyumba ya askari amekufa iko wazi, toka na watoto yako. Na kama yeye iko hai mahari furani, nani sasa natafuta mtu amesha kuririwa?"

Hapo ndipo nilipofahamu kimya cha behewa pale Malaba. Watu wale wote walikuwa na mtu wao aliye safarini, na mimi nilikuwa nimetaja kifo kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Nilijisikia vibaya hata matoke yakanishinda, na si kawaida yangu chakula kunishinda.

"Nifanye nini?"

"Rudi. Piga hodi. Uriza bwana yake iko wapi, kama mtu nauriza mwanaume ya watu."

Kushona

Nikarudi saa ileile ya maji, makusudi, wanawake wakiwa bombani. Nikapiga hodi kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Baba Okello yupo?"

Sauti ya Mama Okello ikatoka ndani: "Iko safari."

"Akirudi mwambie fundi wa Mombasa alikuja kumpima shati."

Hilo la shati sikulipanga, lilinitoka lenyewe. Mlango ukafunguka. Mama Okello alisimama pale, macho yake mekundu ya kukosa usingizi lakini makavu.

"Shati gani?"

"La kuvaa siku atakayorudi."

Akafikiri. Wanawake wa bombani nao walikuwa wanafikiri, niliwaona. Nikamwomba shati lake la zamani nipate vipimo, akakataa. Nguo za mwanamume hutolewa nje ya nyumba yake akishakufa, zikagawiwe. Za mumewe zitakaa sandukuni mwake. Akaja darasani, akasimama mbele yangu na kunipimia kwa mikono yake hewani: mabega mpaka hapa, shingo hivi, tumbo hivi. Alipofika tumboni wenzake walicheka kidogo. Nami niliweka futi yangu kati ya viganja vyake, nikaandika.

Kitambaa ndicho kilichokuwa taabu. Mjini maduka ambayo zamani yalikuwa ya Wahindi sasa yalikuwa ya wakubwa, na lile nililoingia lilikuwa na makufuli tupu na kitambaa cha mapazia. Mama Furaha, niliyemkuta kwake karibu na reli, alinisikiliza akiwa anakunja vitenge, kisha akainuka kuvuta poplini nyeupe kutoka chini kabisa ya robota lake.

"Ya muntu wa safari," alisema. "Miye pia niko na muntu wa safari." Akakataa hata asante yangu.

Tulilishona shati lile siku nne, wanawake wote kumi na mmoja. Mmoja kola, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, aliyekuwa hajui kitu alishona vifungo. Nilifumua kola mara tatu mpaka ikakaa, na sikujali kupoteza uzi. Siku ya mwisho Mama Okello aliniuliza kama ile sukari bado ipo.

"Ya fundi iko sawa," alisema. "Tunakunywa."

Nilimletea zile kilo mbili. Nilidhani atazifungia kabatini, na mimi hivyo ndivyo ningefanya, kijiko kwa kijiko mpaka mwaka ugeuke. Akabandika sufuria kubwa, akamimina sukari karibu yote, akaita darasa, akaita majirani, akaita watoto wa nyumba zote, walio na baba na walio na baba safarini. Moyo wangu uliruka kuona sukari ikizama vile. Nilitaka kumshika mkono. Halafu nikatazama nyuso za wale watu wakinywa chai tamu, na yeye katikati yao akiongeza kikombe huku na kule, mwanamke ambaye hakuwa na uhakika wa nyumba ya kulala mwezi ujao, na nikajiona mimi ndiye niliyekuwa nikiishi kifukara. Jioni ile niliitoa pia ile sukari niliyokuwa nimebakisha, nikaiweka jikoni kwa Nnaalongo, wazi.

Shati likapigwa pasi, likatundikwa ukutani kwa Mama Okello, likakaa miezi. Kila nikienda niliuliza, "Baba Okello yupo?" naye hujibu, "Iko safari." Majirani waliopita walifanya vivyo hivyo.

Kurudi

Safari ya kurudi haina mengi. Malaba tulisimama nusu siku, na safari hii nami sikuuliza sababu. Nilikuwa nawaza mtaa wa pili kutoka kwangu. Niliposhuka Mombasa nilikwenda na mzigo wangu kichwani mpaka kwa Athumani, nikapiga hodi, nikamuuliza mkewe, "Mwenye nyumba yupo?" Akasema yupo, analala. Nilikaa barazani kumsubiri aamke, nikiyarudia majibu hayo moyoni kwa furaha ambayo siwezi kuwaeleza. Ukuta wa uani nimemwachia. Haya, Mwanaisha, umepata jibu lako.

Lakini nimeruka siku yangu ya mwisho Kampala, na niliiruka makusudi ili nimalizie nayo.

Nilikwenda Naguru kuaga. Nilimkuta Mama Okello mlangoni na lori limesimama mbele ya nyumba, na wafanyakazi wawili wakingoja kutoa vyombo. Afisa anayegawa nyumba, mtu mzima mwenye fimbo kwapani, alikuwa akimhoji.

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko safari."

"Miezi mingi sana hii. Watu nasema amekufa."

"Watu gani?" alisema Mama Okello. "Mtu amekufa, nani nashonea shati?"

Wanawake walikuwa wametoka majumbani mwao. Mmoja akasema, "Mimi nashona kola." Mwingine akasema mkono wa kulia ni wake. Mwingine akasema vifungo. Walisema kwa utulivu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikasema mimi ndiye niliyepima.

Yule afisa aliwatazama wote. "Lete shati," alisema.

Mama Okello akaingia naye ndani, na mimi nikafuata kwa kuwa sijui kubaki nje. Afisa alilishusha shati ukutani, akawapa mgongo wale wafanyakazi wa lori waliokuwa mlangoni. Akalinyoosha mbele ya kifua chake, akalitazama mshono kwa mshono kama mtu anayenunua.

"Shati hii kubwa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni kipimo yake," alisema Mama Okello. "Mimi najua."

"Ilikuwa kipimo yake." Akabana kitambaa kiunoni kwa vidole, upande huu na upande huu, akabana sana. "Sasa iko kubwa. Punguza hapa."

Akamwekea shati mikononi, akatoka. Tulimsikia nje akiwaambia watu wake, "Nyumba hii iko na mwenyewe. Twende." Lori likawaka, likashuka kilima.

Nami, mdadisi wenu, ndiye niliyechelewa kuelewa kuliko wote. Si kwamba yule bwana alijua tu kuwa Baba Okello yu hai. Alikuwa amemwona, tena karibuni, amemwona akiwa amekonda.

Mama Okello alikuwa ameshika shati palepale alipobana yule afisa, vidole vyake haviachii, akiogopa alama isije ikapotea. Nikamletea pini, nikazichomeka moja moja kando ya vidole vyake mpaka akaweza kuachia. Nikafumua mishono ya ubavuni. Wanawake wakaleta mashine kutoka ukumbini, mmoja akashika taa ingawa jua lilikuwa bado liko juu, na Mama Okello akaketi sakafuni akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gari, akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na sisi tukaendelea kupunguza shati.